Amti Alitaka Iwake Tu

Kwa uwanja wetu hapa Thongpiny kuna mwarobaini mmoja, na chini ya huo mwarobaini kuna Toyota Hilux. Nilipofika Juba Januari 2020 nikitoka Kakuma, na begi moja na cheti changu cha KCSE cha 2018, ilikuwa imekaa pale miaka mitatu na nusu bila kutikisika. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Amti alikuwa anaanika shuka kwenye boneti. Nikamwuliza gari ni ya nani. Akasema, "Ni ya nyumba." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Amti ndivyo tunavyomwita shangazi hapa, dada ya baba. Jina lake silitumii na nyinyi mnajua kwa nini, mtu aliyekulea humwiti kwa jina. Alikuwa ananitumia pesa ya viatu vya shule wakati mimi niko Kakuma One na yeye hapa anauza chai. Kwa hivyo aliposema gari ni ya nyumba, sikuuliza tena. Nilikaa naye mwaka mzima nikifagia kuizunguka kama vile watu hufagia kuzunguka kaburi.

Huko Kakuma sisi tunasema pikap. Watu waliokaa Khartoum wanasema boksi, na hii ilikuwa boksi ya kweli, ya kubeba abiria Haj Yousif, watu wamekaa nyuma magoti kwa magoti. Mume wa Amti ndiye alikuwa dereva. Baada ya nchi kupata uhuru Julai 2011, walirudi kusini na wengine wengi, kwa meli ya mizigo kutoka Kosti, wiki kadhaa mtoni, na gari imefungwa kwa kamba kati ya vitanda na magunia. Ni ile Hilux ya umbo la miaka ya 1983 hadi 1988, yenye mabega ya mraba. Injini yake inaitwa 2L, dizeli ya silinda nne, lita 2.4, bila taabo, bila kompyuta, bila kitu chochote cha kuchomekwa kwenye simu. Kila kitu ndani yake unaweza kukishika kwa mkono. Mimi nafikiri ndiyo sababu niliipenda kabla sijajua habari yake.

Usukani wake uko kushoto. Hii ni kitu kidogo lakini itawasumbua wale mtakaokuja Juba. Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Sudan ilihamia kulia mwaka 1973, na sisi huku kusini tumebaki kulia hadi leo, lakini nusu ya gari unazoona mjini zimetoka Kampala na usukani uko upande usiofaa. Dereva akitaka kupita lori anamwuliza abiria kama barabara iko wazi. Gari yetu haina shida hiyo. Shida yake ni kwamba spea zinatoka Kampala, na nitafika hapo.

Mimi si mekanika. Mimi nafanya kazi na vijana, kwenye kituo kimoja ambapo tunacheza mpira, tunafundisha kusoma, na tunajaribu kuwazuia wengine wasiingie magenge. Mambo ya injini niliyapata kwa njia ya nyuma. Kaka yangu alisoma umekanika Don Bosco kule Kakuma, na Kiingereza chake kilikuwa kibaya, kwa hiyo usiku mimi nilikuwa namsomea kitabu na kumweleza. Nilijua kazi ya vali kabla sijawahi kuiona. Nilipokuja kuishika ya kweli nilishangaa ilivyo ndogo.

Kitu kilichoanzisha kazi ni vita ya watu wengine. Tarehe 15 Aprili 2023 Khartoum ikaanza kuwaka, na miezi iliyofuata watu wakaanza kuingia Renk kwa maelfu, sasa Wasudan wenyewe wakikimbilia kwetu. Mimi mtoto wa kambi nikajikuta naitwa mwenyeji. Kati ya waliofika Juba kulikuwa na mzee mmoja wa Khartoum Bahri ambaye alikuwa na gereji kule kwa zaidi ya miaka ishirini. Sisi tunamwita Usta, ndivyo wao huita fundi. Jina lake liko Gorom kwenye orodha ya wakimbizi, lakini mchana anakuja mjini kutafuta kibarua. Alikuja kituoni kwetu kuuliza kama tuna jenereta ya kutengeneza. Nikamwambia jenereta hatuna, lakini nyumbani kuna boksi ya zamani.

Alifika, akainama, akaangalia chini, akafungua boneti. Akanusa kijiti cha oili. Kisha akaweka mkono juu ya kava la injini, akaacha hapo, na akakaa kimya muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilikuwa na tatu kama hizi gereji," akasema. Hakuongeza.

Nilimwomba Amti ruhusa. Alikuwa anaosha vikombe. Akauliza, "Itawaka?" Nikasema Usta anadhani itawaka. Akasema haya. Kuku wakahamishwa.

Sasa niwaeleze kazi, kwa sababu wengine wenu mna gari za baba zenu mahali fulani, na watu watawaambia hazifai.

Gari iliyokaa miaka saba huwezi kuiwasha tu. Injini ilikuwa imeshikana, pistoni zimeng'ang'ania silinda kwa kutu. Usta alitoa hita plagi nne, akamwaga kwenye kila tundu dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi, akasema tusiguse kwa siku sita. Siku ya saba tukaweka spana kubwa kwenye nati ya krenki mbele, na bomba la chuma juu ya spana kupata urefu. Huvuti kwa nguvu. Unavuta kidogo, unarudisha kidogo, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Saa nzima hakuna kitu. Halafu ikasogea upana wa ukucha, na ikatoa sauti kama ya mlango wa bati. Vijana watatu niliowaleta kutoka kituoni, wavulana wawili na msichana mmoja, walipiga kelele kama timu imefunga bao.

Kabla ya kujaribu kuiwasha Usta alikataa kabisa tusiguse ufunguo mpaka mkanda wa taimingi ubadilishwe. Ni wa mpira, na mpira wa miaka saba kwenye joto la Juba ni kama biskuti. Ukikatika injini ikizunguka, vali zinagonga pistoni na hapo umemaliza. Tuliutoa, ukapasuka mkononi mwangu.

Tangi lilikuwa na uji mweusi badala ya dizeli. Tulilishusha, tukaweka ndani mnyororo, kokoto na sabuni, na wale wavulana wakalitikisa Jumamosi tatu mfululizo huku simu inapiga muziki. Panya walikuwa wamekula nyaya za taa. Silinda za breki zote zilikuwa zimeganda. Klachi ilikuwa imegandamana na flaiwili. Kila kitu tulichokosa tuliagiza Kisekka, Kampala, kwa mtu wa Usta anayejuana na mtu, kinawekwa kwenye basi, kinapita Elegu, kinapita Nimule, halafu kilomita 192 za lami mpaka hapa, na mimi nakwenda kukichukua. Mara nyingine kinakuja sawa. Taa za mbele zilikuja za Uganda, ambazo mwanga wake umelalia kushoto ili usimpofushe mtu wa kule. Kwa barabara yetu zinampiga dereva anayekuja usoni kabisa. Usta alicheka, akazirudisha boksini.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa ilienda hivyo. Mshahara wangu mnaujua ulivyo, na miezi mingine hauji. Amti aliongeza alichoweza bila kusema, unakuta noti chini ya kikombe.

Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika.

Usta aliifungua stata ya zamani kwenye gunia, akanionyesha. Brashi zilikuwa zimebaki kama kipande cha ukucha. Vile vipande viwili vya shaba ambavyo vinapitisha moto kwenda kwenye mota vilikuwa vimeliwa na cheche, kimoja kimebaki nusu. Akasema, "Hii nitaipiga msasa na kuigeuza, itafanya kazi. Lakini nakuazima tu muda. Nunua nyingine." Stata nyingine, ile ya mtumba ya kutoka Dubai, ilikuwa dola 85. Mimi nilikuwa na dola 130 mkononi.

Na wakati huohuo, kule Kisekka, yule mtu alikuwa amepata mlango wa nyuma wa Hilux ya umbo lile, wenye herufi za TOYOTA zimechomoza kwenye bati, haujapinda hata kidogo. Wetu ulikuwa umeoza chini mpaka unaona miguu ya mtu kupitia kwake. Picha yake ilipofika kwenye simu, wale vijana waliikodolea macho kama picha ya harusi. Na tulikuwa tumeshapanga rangi, ile kahawia ya mchanga yenye mistari miwili ubavuni, kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Nikanunua mlango na rangi.

Nilikuwa na sababu, jamani, sikuwa mjinga tu. Wale vijana hawajawahi kumaliza kitu. Nilitaka wapige picha mbele ya kitu kinachong'aa, waseme sisi ndio tulifanya. Na ofisini kwetu pia picha zinapendwa. Stata iko chini, nyuma ya waya, hakuna mtu anayepiga picha na stata. Hizo ndizo sababu. Lakini nikisema ukweli, nilitaka pia mimi mwenyewe. Nilikulia mahali ambapo kila kitu kimegongwa na kufungwa na waya, hata kitanda. Nilitaka kitu kimoja kizima.

Novemba 2024 iliwaka. Tulitoa hewa kwenye dizeli kwa ile pampu ya mkono juu ya filta, tukafungua nati za nozeli moja moja mpaka povu likaisha, Usta akakaa kwenye kiti na kupindua ufunguo. Moshi mweupe, kisha mweusi, kisha ile sauti ya dizeli ya zamani, ka-ka-ka-ka, mpaka majani ya mwarobaini yakaanguka. Majirani wakaja. Msichana wetu alicheza juu ya boksi. Tulipiga picha nyingi, na mlango wa nyuma unaonekana kwenye zote.

Amti alitoka jikoni na kitambaa mkononi, akasimama mbali kidogo. Alisikiliza mpaka Usta akazima. Akaniuliza, "Na kesho?"

Nikacheka. Nikamwambia Amti, si umeiona, imewaka.

"Nimeiona leo," akasema, akarudi kwa vikombe vyake.

Machi 2025 mnaikumbuka hata nyinyi wa huko, kwa sababu simu zenu zilikuwa zinatupigia sisi. Habari za Nasir zilikuwa kwenye kila mdomo, wanajeshi barabarani, ndege zinashuka na kupaa hapa juu ya vichwa vyetu. Watu wa Thongpiny wana mazoea ya kusoma uwanja wa ndege. Ndege za kawaida zikipungua, wanaanza kukunja magodoro. Usiku mmoja tulisikia milio, labda mbali, labda si mbali, usiku huwezi kupima. Nilitoka nje nikamkuta Amti ameshavaa viatu. Mkeka, jerikeni la maji, sufuria, na ule mfuko wa vyeti vya watoto, vyote viko nyuma ya gari tayari. Akanyoosha mkono akanipa ufunguo. Sikujua alikuwa anauweka wapi.

Nikakaa, nikapindua.

Tik.

Nikapindua tena. Taa za dashibodi ziliwaka vizuri, betri ilikuwa nzima. Tik. Nililala chini ya gari na tochi ya simu mdomoni nikaigonga stata kwa spana, kama alivyonionyesha Usta. Tik. Nilitoka nikasema tuisukume. Gari ilikuwa inatazama ukuta, kwa sababu tuliiegesha hivyo ili mlango wa nyuma uonekane kutoka getini.

Amti akasema, "Acha. Usisukume." Akaanza kushusha vitu. Mkeka, sufuria, jerikeni. Hakupaza sauti. Milio ikanyamaza baadaye, na hakuna kilichofika kwetu usiku ule. Lakini hatukulala, tulikaa kwenye ngazi ya mlango, na ndipo aliniambia.

Mambo ya 2016 nilikuwa nayajua kwa simu tu. Nilikuwa kidato cha pili. Nilijua kwamba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa hapa jirani, kwamba mume wake alifariki Agosti, kwamba alikuwa na sukari na kidonda mguuni. Nilidhani gari iliachwa kwa sababu mwenyewe hayupo.

Kumbe stata ilikuwa imeanza kusumbua tangu Mei. Alikuwa anasukumwa na vijana wa jirani kila asubuhi, na kila jioni anasema bukra, kesho nitaipeleka kwa fundi. Jumapili tarehe 10 Julai majirani walianza kuondoka. Yeye hakuweza kutembea na ule mguu. Akaingia kwenye gari, Amti na watoto wawili wakapanda nyuma. Akapindua ufunguo. Amti aliniigizia ile sauti kwa ulimi wake, tik, na nikajua kwa nini alisema nisisukume. Yeye alishasukuma. Yeye na watoto wa miaka tisa na kumi na moja, gari inatazama ukuta huohuo, na wale vijana wa jirani wameshaenda. Gari ya kusukuma inahitaji wanaume wanne na barabara tupu. Mwishoni alimtoa, akamweka kwenye wilbaro ya mchanga, akamsukuma hivyo mpaka kambini. Ni karibu, ukitembea na mtu mnapiga hadithi unafika kabla hadithi haijaisha. Hakuniambia siku ile ilichukua muda gani.

Sijasema kwamba gari ingemponya. Amti pia hajasema. Alichosema ni kwamba zile wiki tano za mwisho, kila usiku, mume wake alimwomba msamaha kwa ajili ya stata. Watoto wamelala pale wanasikia. Yeye anamwambia imeisha, lala, na kesho yake usiku anaanza tena.

Wageni wakiiona gari huniuliza matundu ya risasi yako wapi. Haina hata moja. Iligoma tu.

Asubuhi nilimpigia Usta, nikamwambia niliyoyafanya, yaani kwamba ile pesa ya stata ilikuwepo. Alinyamaza. Kisha akasema dola 85 sasa ni 95. Wale vijana niliwaambia Jumamosi, bila kuwaeleza yote. Yule msichana aliyecheza juu ya gari ndiye aliyesema tuuze mlango. Kuna mtu wa Gudele mwenye Hilux ya aina hiyo, alikuja na pesa taslimu, akaufungua na kuondoka nao begani. Rangi huwezi kuiuza, imebaki. Kwa hivyo ukija kwetu leo utaona Hilux inang'aa kahawia ya mchanga na mistari miwili safi, na nyuma mlango uliooza umefungwa na kamba ya katani.

Stata mpya iko chini. Vile vipande vya shaba vya zamani Usta alinipa, niko navyo kwenye kopo la kalamu ofisini. Waya nene za betri pia tulibadilisha. Na gari tuliigeuza, sasa inatazama geti.

Amti hajawahi kuendesha gari maishani, lakini alimwambia Usta amfundishe kuiwasha. Gia katikati, mguu kwenye klachi, subiri taa ya hita izime, pindua. Sasa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la chai, anakaa kwenye kiti cha dereva na kitambaa chake kichwani na kuiwasha. Anaiacha inguruma kidogo, anazima, anaweka ufunguo mahali ambapo bado sijapajua. Moshi unaingia kwa jirani, jirani amelalamika, Amti amempelekea chai.

Mwezi uliopita nilijaribu kumweleza. Usta mwenyewe alikuwa ameniambia, dizeli haipendi kuwashwa na kuzimwa ikiwa baridi, na betri inatumika kwenye stata halafu haipati muda wa kujaa tena.

"Amti," nikamwambia, "ukiiwasha kila siku bila kuiendesha, betri inachoka."

Akaniangalia kupitia dirishani, mikono bado iko kwenye usukani.

"Basi panda tuiendeshe," akasema, na akasogea kiti cha pili.

Nikafungua geti. Tukaenda polepole mpaka barabara ya uwanja wa ndege, tukageuza, yeye amekaa wima na mkono mmoja nje ya dirisha, na ile kamba ya katani inagonga bati huko nyuma njia nzima.